Barua ya wazi kwa wenye funguo za mto Mekong

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Baraza la Kamisheni ya Mto Mekong, Vientiane. Na kwa wakuu wa serikali za China, Myanmar, Laos, Thailand, Kambodia na Vietnam.

YAH: KURUDI KWA MAJI YA MASIKA KATIKA ZIWA TONLE SAP

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Ikwiriri, kando ya mto Rufiji, pwani ya Tanzania. Sina cheo wala sikutumwa na mtu. Nimelelewa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga ili maji ya masika yapite chini na waliolala juu wasiamke. Wazee wangu waliishi kwa kilimo cha mlao: mto ukifurika wanasubiri, ukirudi kwenye kingo zake wanapanda mahindi, kunde na maboga katika tope ulioliacha, bila mbolea ya dukani na bila kungoja mvua nyingine. Kwa hiyo sikufundishwa na mtu yeyote kuogopa neno mafuriko. Kwetu mafuriko yanayokuja kwa wakati wake yalikuwa riziki, na mwaka ambao hayakuja ndio watu waliouita mwaka wa njaa.

Husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Sidai kwamba dawa ninayo mimi. Naomba mnisikilize kama mtu wa mtoni anayezungumza na watu wa mtoni, kuhusu jambo ambalo nyinyi wenyewe mmeliandika katika mkataba wenu na ambalo linakufa taratibu mbele ya macho yenu.

Tonle Sap, ziwa kubwa la Kambodia, hufanya kitu ambacho sisi wa pwani tumezoea kukiona kwa bahari: hupwa na kujaa. Pale Phnom Penh mto unaotoka ziwani unaungana na Mekong. Kiangazi maji ya ziwa hushuka kwenda kwenye Mekong na kuendelea baharini. Masika yakikolea na Mekong ukapanda, mto ule mdogo hugeuza mwelekeo. Maji yanarudi yalikotoka, yanapanda zaidi ya kilomita mia moja kuelekea kaskazini-magharibi, na ziwa lililokuwa na kilomita za mraba 2,500 hivi linatanuka hadi kufikia 15,000. Mahali ambapo mtu alikuwa akivuka maji yakimfika kifuani panakuwa na kina cha mita nane au tisa. Misitu mizima inasimama ndani ya maji kwa miezi, na samaki wanaingia katikati ya matawi kula, kujificha na kukua. Novemba maji yanageuka tena, samaki wanatoka nayo, na Wakhmer wanasherehekea Bon Om Touk kwa mashindano ya mitumbwi mirefu mbele ya kasri la mfalme.

Maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo sisi tunayaita bamvua. Bahari yetu ina bamvua mbili kila mwezi, ikikosa hii utaipata ile. Tonle Sap lina bamvua moja tu kwa mwaka mzima.

Na juu ya bamvua hiyo moja limekaa taifa. Kuna samaki mdogo anayeitwa trey riel, na Wakambodia wengi wanaamini kwamba sarafu yao ilipata jina kwake. Huvuliwa kwa nyavu kubwa za mfuko ziitwazo dai, zinazofungwa kwa safu kuukata mto kuanzia Oktoba hadi Machi, na wavuvi wa dai wanajua kwamba makundi makubwa hushuka katika siku chache kabla ya mwezi kuwa mpevu, Desemba na Januari. Familia zinateremka kutoka mashamba ya mpunga zikiwa na magunia ya mchele na kurudi na samaki wa kutengenezea prahok, samaki wa kuchachushwa kwa chumvi ambaye hukaa kwenye mtungi mwaka mzima. Mtu aliyekulia nyumba isiyo na friji, akijua ng'onda na dagaa wanavyookoa chungu siku ambayo hakuna kitu, haelezwi prahok ni nini. Kwa jumla bonde la chini la Mekong hutoa zaidi ya tani milioni mbili za samaki kwa mwaka. Hakuna uvuvi mwingine wa maji baridi duniani unaofikia hapo.

Mwishoni mwa mwaka 2019 niliona picha za mto huo zilizopigwa Nakhon Phanom, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Maji yalikuwa ya buluu, maangavu, na watu walikuwa wamejipanga kingoni kupiga picha kwa furaha. Mimi zilinitia huzuni ambayo nilishindwa kumweleza mwenzangu niliyekaa naye. Mto wenye tope ukigeuka buluu maana yake umebaki maji matupu. Tope limekwama nyuma ya kuta. Mwaka huo mvua zilichelewa na El Niño ilikuwepo, siwezi kulificha hilo, na si kila tone lililokosekana lilizuiwa na bwawa. Lakini mwaka huo na uliofuata, 2020, maji ya Tonle Sap yalichelewa sana kugeuka, na yalipogeuka hayakukaa. Februari 2022 pomboo wa mwisho aliyekuwa akiishi kwenye vilindi vya mpaka wa Laos na Kambodia alikufa. Miezi minne baadaye, huko Stung Treng, mvuvi alimnasa taa wa kilo 300, samaki mzito kuliko wote waliowahi kupimwa katika maji baridi, akapimwa na kuachiwa arudi. Kwa hiyo mto haujafa. Ningekuwa naandika rambirambi kama ungekuwa umekufa.

Waheshimiwa Mawaziri, tarehe 5 Aprili 1995 nchi zenu nne, Laos, Thailand, Kambodia na Vietnam, zilitia saini mkataba Chiang Rai. Ibara yake ya 6 inawataka mshirikiane kudumisha mtiririko wa mto mkuu, na miongoni mwa mambo inayoyataja ni kwamba maji ya Tonle Sap yaweze kurudi nyuma wakati wa masika kwa kiwango kinachokubalika. Nimeirudia ibara hiyo mara nyingi. Waliokaa mezani wakati ule walikuwa wametoka vitani. Kambodia ilikuwa bado ina mabomu ardhini na vikundi vyenye silaha misituni. Hata hivyo, walikumbuka ziwa. Waliliandika kwa jina lake, na wakaandika kazi yake. Ninawaheshimu kwa hilo.

Tatizo limejificha katika maneno mawili, "kiwango kinachokubalika". Kinachokubalika kwa nani? Taratibu za kudumisha mtiririko zilipitishwa mwaka 2006. Wataalamu wenu wanapima kina, wanachora mistari, wanatoa taarifa kila wiki. Taarifa ikionyesha kwamba maji yamekuwa madogo kupita kiasi, hakuna mwenye bwawa anayelazimika kufungua lango. Mnalo kipimajoto kizuri, na mgonjwa hana daktari.

Sehemu ya pili ya mkataba inayohusu ujenzi nayo tumeona mwisho wake. Mtu akitaka kujenga kwenye mto mkuu anapaswa kuwashauri wenzake kwanza, na mkataba unasema wazi kwamba kushauriana huko si kura ya turufu, wala si ruhusa ya kujifanyia utakavyo bila kujali haki za wengine. Laos ilipeleka mpango wa bwawa la Xayaburi Septemba 2010. Aprili 2011 nchi nne hazikuafikiana. Kambodia na Vietnam ziliomba muda. Desemba 2011 mawaziri walikutana Siem Reap wakakubaliana kwamba utafiti zaidi ufanywe. Novemba 2012 jiwe la msingi likawekwa. Mwaka 2019, mwaka uleule wa maji ya buluu, bwawa likaanza kuuza umeme. Wajenzi walirekebisha michoro na kutumia fedha nyingi kuongeza njia za kupitisha samaki na tope, na natambua jitihada hiyo. Lakini mabwawa yaliyofuata yamepita njia ileile: miezi sita ya mikutano, tamko la masikitiko la waliopo chini, kisha makatapila.

Sasa niruhusuni nizungumze na kila mmoja, kwa sababu mzigo haulingani.

Waheshimiwa wa Vientiane, nyinyi siwalaumu kwa wepesi. Nimesoma kwa koroboi, moshi ukiingia puani, na mto mkubwa ukipita hatua chache kutoka mlangoni. Leo kwenye mto wetu limesimama Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na sitamwambia mtu wa mlimani Laos kwamba taa ni anasa. Nchi yenu haina bahari, na ardhi yake bado inatoa mabomu yaliyoangushwa na ndege za Marekani kati ya 1964 na 1973. Mliambiwa kuwa maji ndiyo mafuta yenu, kwamba mtakuwa betri ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mmejenga. Kisha deni la taifa likapita pato zima la nchi kwa mwaka, sarafu yenu ya kip iliporomoka mwaka 2022 hadi watu wakapanga foleni ya petroli, na njia kuu za kusafirisha umeme zimekabidhiwa kampuni ambayo sehemu kubwa ya hisa zake inashikwa na shirika la serikali ya China. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mtu halipi deni kwa kukopa ukuta mwingine. Tarehe 23 Julai 2018, huko Attapeu, tuta la mradi wa Xe-Pian Xe-Namnoy lilivunjika usiku, maji yakafagia vijiji, makumi ya watu wakafa na maelfu wakabaki bila makao, na maji hayo hayo yakavuka mpaka hadi Kambodia. Waliokufa walikuwa wakulima ambao umeme ule haukukusudiwa kuwashwa majumbani mwao. Na juu kidogo ya mji wa Luang Prabang, ambao UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 1995, unapanda ukuta mwingine wa megawati 1,460. Ninawaomba msianze mwingine kwenye mto mkuu baada ya huo.

Lakini ombi hilo ni bure kama sitalipeleka Bangkok. Waheshimiwa wa Thailand, mnunuzi ndiye anayejenga. Karibu umeme wote wa Xayaburi unakuja kwenu, na mikopo ya kuujengea ukuta ule ilitoka kwenye benki zenu. Wanavijiji wenu wa mikoa minane ya kando ya Mekong walikwenda mahakamani mwaka 2012 kupinga mkataba wa kununua umeme huo. Wakasubiri miaka kumi, na mwaka 2022 mahakama ya juu ya utawala ikatupa kesi. Wakati huo huo mmeweka saini za kununua umeme wa Luang Prabang, Pak Lay na Pak Beng, ingawa uwezo wa mitambo mliyonayo tayari umezidi kwa mbali mahitaji yenu ya saa za juu kabisa. Nani atakayelipa umeme usiohitajika? Mwenye nyumba ya kupanga Udon Thani, kwenye bili yake.

Nyinyi mnayo kumbukumbu ya kutosha. Bwawa la Pak Mun lilikamilika mwaka 1994 katika mkoa wa Ubon Ratchathani, na tangu hapo wavuvi wa mto Mun wamekuwa wakidai milango ifunguliwe, wakalala mbele ya ofisi za serikali Bangkok kwa siku 99 mwaka 1997. Katika mkoa uleule, mwaka 2021, mmewasha mitambo ya jua inayoelea juu ya bwawa la Sirindhorn, megawati 45, bila kumhamisha samaki hata mmoja. Na mwaka 2020 baraza lenu la mawaziri lilifuta mpango wa kulipua miamba ya mto kule Chiang Khong ili meli kubwa zipite, baada ya wananchi kupinga miaka mingi. Mnaweza kusema hapana. Mlishasema.

Waheshimiwa wa Beijing, kwenu naandika kwa urefu zaidi kwa sababu mko juu, na aliye juu ndiye anayeanza kunywa. Mto mnaouita Lancang mlianza kuuzuia kwa bwawa la Manwan miaka ya 1990. Tangu hapo zimepanda kuta nyingine, na mbili kati ya hizo, Xiaowan yenye urefu wa mita 292 na Nuozhadu yenye mita 261, ndizo zinazoshika sehemu kubwa ya maji yanayohifadhiwa kwenye mfululizo wote. Mnajaza masika na kuachia kiangazi, kwa sababu ndivyo mitambo inavyotaka. Kwa ziwa hilo ni kinyume mara mbili: maji yanapungua wakati ambapo yanatakiwa yasukume, na yanaongezeka wakati ambapo msitu wa ziwani unatakiwa kukauka na kupumua.

Mtaniambia kwamba maji yatokayo China ni chini ya moja ya tano ya maji yote ya Mekong yanayofika baharini. Ni kweli. Lakini karibu nusu ya tope lililokuwa likishuka zamani lilitoka kwenu, na tope halina mvua ya kulifidia huko chini. Na mwanzoni mwa masika, kabla mito ya Laos haijajaa, maji yenu ndiyo yanayoanza kuupandisha mto. Ni kama kumwamsha mtu: sauti ya kwanza haihitaji kuwa kubwa, inahitaji kuja alfajiri.

Na kuna jambo mlilofanya ambalo ni haki litajwe. Machi 2016, chumvi ilipopanda ndani ya delta ya Vietnam na kuua mpunga, mlifungua maji ya bwawa la Jinghong yakashuka kuwasaidia watu waliokuwa mbali nanyi kwa kilomita elfu kadhaa. Mwaka 2020 mlikubali kutoa vipimo vya maji kutoka vituo viwili kwa mwaka mzima, siyo masika tu kama zamani. Ndiyo maana nathubutu kuomba zaidi. Vipimo vya kina havitoshi. Aliye Chiang Khong anahitaji kujua lango litafunguliwa lini na kufungwa lini. Januari 2021 maji ya Jinghong yalipunguzwa karibu nusu kwa ajili ya kazi za njia za umeme, na taarifa ilitoka mto ukiwa umeshaanza kushuka. Mwenye mtumbwi aliona mchanga kabla ya kusikia habari.

Najua pia kwamba mto huu umegeuzwa uwanja wa ugomvi wa wakubwa. Aprili 2020 ulitoka utafiti uliotumia picha za setilaiti na kugharamiwa na serikali ya Marekani, ukisema mabwawa yenu yalizuia maji katika ukame wa 2019. Mkaukataa, wataalamu wenu wakajibu kwamba mabwawa hupunguza ukame. Tangu hapo kila takwimu ya kina cha maji imekuwa na bendera. Marekani ina ushirikiano wake na nchi za Mekong, nanyi mna ule wa Lancang-Mekong uliozinduliwa Sanya mwaka 2016. Mvuvi wa Kampong Chhnang, huko Kambodia, hana jukwaa la kwake. Chapisheni ratiba za milango, zote, na hoja ya satelaiti itakosa kazi.

Kwa Phnom Penh nasema kwa upole lakini nasema. Mwaka 2020 mlisimamisha kwa miaka kumi mabwawa ya Sambor na Stung Treng kwenye mto mkuu. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote uliofanywa kwenye Mekong katika kizazi hiki, na naomba miaka hiyo kumi isiwe na mwisho. Lakini bwawa la Lower Sesan 2 lililozinduliwa mwaka 2018 lilihamisha watu wapatao elfu tano, wakiwemo watu wa kabila la Wabunong ambao makaburi ya wazee wao sasa yapo chini ya maji, na linaziba mito miwili iliyokuwa njia ya samaki kupanda. Na tarehe 5 Agosti 2024 Waziri Mkuu Hun Manet alizindua ujenzi wa mfereji wa Funan Techo, utakaotoa meli kutoka bonde la Mekong hadi pwani ya Kep bila kupita Vietnam. Ninaelewa kiu ya nchi kuwa na mlango wake wa bahari. Mliupeleka mradi huo kwenye Kamisheni kama taarifa tu, siyo mashauriano, na jirani yenu wa chini akabaki akiuliza maswali yaleyale mliyokuwa mkiiuliza Laos mwaka 2011. Mkiwajibu Hanoi kikamilifu, mtakuwa na uso wa kuidai Vientiane na Beijing.

Hanoi, nanyi mna la kujibu kwa Ratanakiri, ambako maji yaliyoachiwa kutoka bwawa lenu la Yali tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yalizoa mitumbwi, mifugo na watu upande wa Kambodia. Leo mko mkiani na mnajua uchungu wake. Utafiti wa Kamisheni uliotolewa 2018 ulionya kwamba mipango yote ikitekelezwa, asilimia 97 ya tope halitafika kwenye delta ifikapo 2040. Watu milioni 17 wanaishi pale, juu ya ardhi iliyojengwa na tope hilo na inayodidimia, huku mchanga wa mtoni ukichimbwa kwa ajili ya zege. Azimio lenu namba 120 la mwaka 2017, la kuishi kwa kufuata asili, ni andiko zuri. Lianze na machimbo ya mchanga, ambayo hayako mikononi mwa mtu mwingine. Sehemu kubwa ya mchele mnaouza nje inatoka kwenye delta hiyo, na mchele wa kuagizwa kutoka Asia, mapembe kama wanavyouita Zanzibar, ndio unaopikwa huko siku nyingi kuliko mchele wowote. Kwa hiyo nanyi mkikosa tope, sufuria inayopwaya nayo inaweza kuwa ya kwetu.

Na Myanmar, katikati ya vita vyenu, machimbo ya madini ya upande wa Shan yametajwa kuwa chanzo cha sumu ya aseniki iliyopimwa mwaka 2025 katika mto Kok, unaoingia Mekong kupitia Chiang Rai. Hata asiyeshika dola ila bunduki ajue kwamba kuna watoto wanaooga chini.

Nisieleweke kwamba Afrika Mashariki tunawahubiria. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alikataa kurithi mkataba wa Naili wa 1929 uliotiwa saini na Mwingereza kwa niaba yetu, na ilituchukua hadi Oktoba 2024 kuona mkataba wa nchi za bonde la Naili ukianza kufanya kazi, tena bila Misri na Sudan. Umoja wa Mataifa ulipopiga kura mwaka 1997 kuhusu sheria ya mito ya kimataifa, nchi 103 zilikubali, Kenya ikiwemo. Tatu zilikataa: China, Uturuki na Burundi. Tanzania ilikaa katikati. Vietnam ndiyo iliyokuja kukamilisha idadi ya nchi 35, mkataba ukaanza kutumika Agosti 2014. Wakati huo, kati ya nchi sita za Mekong ni moja tu iliyokuwa imeuridhia, na ndiyo ile iliyo mwisho wa mto. Aliye juu huona sheria ya maji kuwa kamba, aliye chini huiona kuwa ngazi. Tumekaa pande zote mbili, ndiyo maana nawaelewa.

Ombi langu ni hili. Ukae mkutano mmoja, nchi zote sita, chini ya Kamisheni au chini ya Lancang-Mekong, mahali popote mtakapokubaliana, wenye ajenda moja: kalenda ya maji ya Tonle Sap. Muandike kwa tarakimu ni kina gani Mekong unatakiwa ufike Kratie na Phnom Penh ifikapo mwisho wa Juni, na mwisho wa Julai, ili ziwa lianze kujaa. Muandike kwamba mwaka ambao mvua ni chache, mabwawa makubwa ya Yunnan, upande wa China, na yale ya mto mkuu wa Laos hayataanza kujaza mpaka wimbi la kwanza lipite, na kwamba yatajaza baadaye, Septemba, mto ukiwa na ziada. Umeme utakaopotea katika wiki hizo upigiwe hesabu na ulipwe, na wanaokula faida wachangie zaidi: wanunuzi wa Bangkok kwanza, kisha wafadhili ambao kila mwaka wanatoa fedha za semina. Laos isiachwe ilipe peke yake. Hilo lisipokuwemo, Laos haitasaini, nami ningekuwa Laos nisingesaini.

Na katika mkutano huo wakae wavuvi wa dai na wanawake wanaotengeneza prahok, wapewe vipaza sauti, waulizwe kabla ya wahandisi kuulizwa. Wanajua siku maji yanapogeuka kwa rangi yake na kwa harufu yake, kama bibi yangu alivyojua kwamba Rufiji unakuja, akaanza kupandisha kuku kwenye dungu siku mbili kabla yetu kuona tone.

Kuna kituo kidogo cha kupimia maji kinaitwa Prek Kdam, kwenye mto Tonle Sap, kaskazini kidogo ya Phnom Penh. Vipimo vyake mnaviweka wazi kila siku, na kwa hilo ninawashukuru sana. Tangu 2019 nimekuwa nikivifungua kila asubuhi mwezi Juni ukiingia, kabla ya kwenda shambani, kutazama kama maji yameanza kupanda. Juni ijayo nitavifungua tena.

Wenu katika kutafuta riziki mtoni,

Mwana wa Rufiji,
Ikwiriri, Tanzania